Msimu wa makongamano na mimi sili nyama wala maziwa

SWALI: Shikamoo anti. Mi mhadhiri hapa Dar, mwaka wa tatu sasa sigusi nyama, samaki, mayai wala maziwa. Nina makongamano mfululizo, Dodoma, Nairobi, Addis Ababa, alafu narudi kampasi kusahihisha mitihani. Juzi kwenye semina niliambulia wali mkavu na kachumbari, hata mchicha ulikuwa na dagaa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wali mkavu alafu usimame utoe mada, jamani imeniuma. Kwenye fomu ya usajili usiandike tu vejiteriani, wapishi wengi wakiona hivyo wanakuletea mayai, andika kabisa sili nyama, kuku, samaki, mayai, maziwa, siagi wala samli, na mboga msiunge kwa supu ya nyama.

Kampasini makande, maharage ya nazi na kisamvu cha karanga vinakutosha, ila maandazi uliza kama yana maziwa. Nairobi githeri ipo, yani mahindi na maharage, kama makande yetu.

Addis ndo utafurahi, maana Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi wanafunga, hawali nyama, maziwa wala mayai, kwa hiyo migahawa mingi ina beyaynetu, yani sinia la injera, ule mkate wao mpana na laini, limepangwa adesi nyekundu, kabichi na shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, unachemka bado, unamega kwa mkono wa kulia. Siku zingine waambie unataka chakula cha yetsom, cha mfungo, watakuelewa.

Na vidonge vya vitamini B12 usiache mwanangu, mboga hazikupi hiyo.