Muulize Mwalimu wa Muziki: Anapenda Hadithi, Hapendi Mazoezi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka tisa na huu ni mwaka wake wa pili wa kujifunza fidla. Darasani anakwenda kwa furaha, lakini nyumbani fidla haitoki kwenye kasha lake mpaka tuvutane. Vitabu vya hadithi, kwa upande mwingine, ndivyo tunavyomwomba aviache akalale. Basi nikamwambia: piga fidla dakika ishirini, kisha nitakusomea sura moja. Siku za mwanzo alikubali. Sasa anapiga huku macho yote yako kwenye saa. Je, hadithi zinaweza kumsaidia kweli, au ninamhonga tu?
*Mama wa mpiga fidla*

JIBU: Marahaba, mama. Zinaweza, tena sana. Ila kwa sasa hadithi umeiweka upande wa pili wa mazoezi, na mtoto anayapita mbio ili aifikie. Ihamishie ndani. Hadithi iwe haisogei mpaka fidla iipeleke mbele.

Anza na kipande anachojifunza wiki hii na umuulize wapi panamshinda. Hata kama wewe hujui kusoma noti, yeye anajua, na kule kukuonyesha tu kunamfundisha kujisikiliza. Kisha tungeni kisa ambacho tukio lake kubwa linatokea hapo hapo.

Nikupe mfano wa mwanafunzi wangu mmoja. Alikuwa akikwama kila alipotakiwa kuhamisha upinde, kile kijiti cha kupigia fidla, kutoka uzi wa D hadi uzi wa E, maana uzi wa A uko katikati na upinde wake haukuacha kuugusa. Kila mara ulitoka mkwaruzo. Tukatunga kisa cha mjumbe anayepita usiku mbele ya mlinzi aliyelala. Mlinzi ni uzi wa A. Akiguswa anaamka, na mjumbe anarudishwa alikotoka. Mtoto alijaribu, mlinzi akaamka. Akajaribu tena, akaamka tena. Baada ya muda akagundua mwenyewe kwamba inafaa asimamishe upinde kwanza, ashushe kiwiko, upinde utulie juu ya uzi wa E, ndipo apige. Hayo ndiyo maelekezo ambayo angeyapata kwangu, lakini safari hii aliyatafuta kwa sababu aliyahitaji. Wala hakuuliza amebakiza mara ngapi.

Kisa hicho kilifaa kwa sababu kila tukio lake lilisikika. Mlinzi akiamka, sikio linajua. Ukimsimulia mtoto habari za binti mfalme na kasri lake huku anapiga skeli, yaani noti za kupanda na kushuka kwa mpangilio, hadithi itakwenda njia yake na vidole njia yao, na skeli itabaki vilevile. Kwa hiyo kila mnapotunga, jiulize: mhusika akishindwa, tutasikia nini? Kama hamna jibu, badilisheni kisa.

Ukitaka apige noti ndefu iliyotulia, usimwambie "polepole". Muulize mjumbe amebeba nini. Akisema amebeba bakuli la maji lililojaa hadi ukingoni, utaona mkono wa kulia unavyobadilika. Jibu hilo litoke kwake lakini. Kisa kilichotungwa na mzazi peke yake huchakaa mapema.

Watunzi wakubwa wa muziki waliwaandikia watoto kwa namna hii. Robert Schumann alitunga albamu ya vipande vya piano kwa ajili ya vijana mwaka 1848, na mwanzo wake ulikuwa vipande vichache vya zawadi kwa binti yake mkubwa, Marie, aliyekuwa akitimiza miaka saba. Tchaikovsky naye mwaka 1878 alitoa vipande 24 vya watoto, na ndani yake mna mwanasesere anayeugua, anazikwa, na baadaye anakuja mwanasesere mpya. Mtoto anayepiga kile cha mwanasesere mgonjwa huna haja ya kumkumbusha asigonge vitufe kwa nguvu.

Simamisheni kisa mahali pa hamu: mjumbe amefika langoni, kesho ndiyo tutajua. Kwa umri wake, dakika kumi za namna hiyo nazipenda kuliko ishirini za kutazama saa. Mahali pale pakishalainika, kisa kiacheni, msikiburute. Na si kila kitu kitafutiwe hadithi. Kulegeza upinde kabla ya kuurudisha kwenye kasha, kwa mfano, mwambie tu afanye.

Ile sura ya usiku mrudishie bila sharti lolote, apige asipige. Nakusihi sana katika hili. Usomaji anaupenda tayari, na haufai kugeuzwa ujira.

SWALI: Mwalimu, mwanangu wa miaka kumi na minne anajifunza piano. Amesoma riwaya ya kijana aliyekaa kwenye piano kwa mara ya kwanza na muziki ukamiminika wenyewe. Tangu hapo anasema yeye hana kipaji, na mazoezi yamepungua. Nimfiche vitabu vya aina hiyo?
*Baba mwenye wasiwasi*

JIBU: Usimfiche, baba. Kisome na wewe, kisha mkae mkizungumze kama wasomaji wawili. Mwulize kati ya sura ile na inayofuata kijana alikuwa akifanya nini kila asubuhi. Waandishi wengi huiruka sehemu hiyo kwa kuwa ni vigumu kuisimulia ikavutia, na msomaji mchanga hudhani haikuwepo. Akikutajia Mozart, mtunzi wa muziki aliyesifika kwa kipaji tangu utotoni, mwambie kwamba baba yake, Leopold, alikuwa mwalimu wa muziki aliyechapisha kitabu cha kufundishia fidla mwaka 1756, mwaka uleule alipozaliwa Mozart huyo. Mtoto huyo alikua na mwalimu nyumbani.

Halafu mpe kazi: aiandike sura iliyorukwa. Shujaa yuleyule, piano ileile, na siku ambayo mkono wa kushoto umekataa kwenda sawa na wa kulia. Achukue ugumu wa kipande anachohangaika nacho yeye mwenyewe sasa. Kama hapendi kuandika, akusimulie kwa mdomo. Usikubali "alifanya mazoezi mpaka akaweza". Ataje mkono gani, kidole gani, na shujaa alibadilisha nini baada ya kukosea mara ya pili.