Baiskeli ya kwanza ya mbio: mpya ya bei ya chini au iliyotumika?

Umeuliza ununue ipi kati ya mpya ya bei ya chini kabisa na nzuri iliyotumika. Chukua iliyotumika, ilimradi fremu inakutosha. Saizi ya fremu hairekebishiki. Simama baiskeli ikiwa katikati ya miguu yako: paipu ya juu ibaki sentimita 2 hadi 5 chini ya msamba. Ukiwa umekaa na kushika breki, viwiko vikunjike kidogo. Mikono ikinyooka kabisa, iache, hata kama bei inavutia.

Nenda na rula kwa ajili ya cheni. Anzia katikati ya pini yoyote, hesabu pini 24 mbele: cheni mpya hupima milimita 304.8. Ikifika 307, huenda imeshakula meno ya gia za nyuma, na ukifunga cheni mpya peke yake itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Basi toa gharama ya vyote viwili kwenye bei.

Zungusha magurudumu uone kama rimu inayumba. Ukikuta ufa au rangi iliyokunjamana nyuma ya shingo ya usukani, usinunue kabisa, hapo iligongwa. Tairi zilizoisha zisikutishe, ila hakikisha fremu inapokea tairi za upana wa milimita 28.