Ukituma chupa za kioo kwa kuria, boksi likitikisika ujue imekula kwako

Nauza mafuta ya nywele kwenye chupa za kioo na karibu oda zote zinaenda kwa kuria, yaani kampuni za kusafirisha vifurushi, kwa hiyo swali la "unafungaje mpaka zinafika nzima" naulizwa sana inboksi. Leo naandika yote hapa niwe natuma link tu.

Kwanza acheni kumlaumu dereva kwa kila kitu. Mzigo ukishaingia kwenye mfumo utaanguka, utapita kwenye mikanda, utagongana na mingine, utawekewa boksi zito juu, na wala hakuna aliyekaa akaamua kukukomoa. Hata wanaopima vifungashio wanalijua hilo, kuna kipimo cha ISTA, shirika la kimataifa la upimaji wa vifungashio vya usafirishaji, cha vifurushi vidogo ambapo boksi linadondoshwa mara 10 toka kama sm 76 hivi, chini kidogo ya kiuno, linapigwa kwenye kona, kwenye kingo na pande zote 6. Sasa kama boksi lako ukilidondosha mwenyewe toka kiunoni roho inakuruka, kwa nini umpe mtu mwingine?

Kinachoua chupa ni kucheza humo ndani. Chupa mbili zikigusana kioo kwa kioo, hata uzizungushie nini kwa nje zitauana tu. Kila chupa ivalishwe peke yake. Mimi natumia ile nailoni ya vipovu, vipovu vinaangalia ndani kwenye chupa, mizunguko miwili mitatu, halafu kitako na mdomo naviongezea kipande chake maana wengi wanafunga tumbo vizuri wanasahau chini, na chupa ikitua inatua na kitako. Shingo nayo nyembamba, ukifunga kawaida inabaki na uwazi pembeni, kwa hiyo nakata kipande cha kadibodi yenye mawimbi nakizungusha shingoni mpaka unene ulingane na mabega, ukiishika unahisi kama umeshika bomba, haina kiuno. Hapo ndo napiga selotepu. Hii hatua inachosha kuliko zote, na ndiyo iliyonipunguzia hasara kuliko zote.

Zikiwa nyingi weka vigawanyo vya kadibodi kila moja ikae chumba chake, imesimama. Kati ya chupa na ukuta wa boksi acha kama sm 5 za kujaza, chini na juu pia, sio pembeni tu. Gazeti linafaa ila ulifinyange likaze, ukilikunja kilegevu linasinyaa njiani na nafasi inarudi palepale. Zile punje za foam sizipendi kwa chupa nzito, boksi likitikiswa njia nzima chupa inazama taratibu mpaka inakaa kwenye sakafu ya boksi, na punje zote ziko juu zimestarehe.

Kama ni kitu cha thamani, weka boksi ndani ya boksi na ujaze katikati. Ndiyo, litakuwa kubwa na gharama itapanda, lakini kutuma mara mbili ni gharama zaidi.

Boksi lenyewe liwe jipya au gumu kweli, la kuta mbili kama mzigo mzito. Boksi lililowahi kulowana hata likikauka limeshachoka. Tepu piga kwenye mshono wa katikati na kwenye kingo mbili za pembeni, juu na chini.

Kuvuja nako watu wanakudharau. Usijaze mpaka mdomoni, maji au mafuta yakipata joto yanatanuka na kioo hakitanuki nayo, acha nafasi kidogo. Kaza kizibo, kizungushie tepu, kisha kila chupa kwenye mfuko wake wa nailoni na tishu kidogo. Moja ikivuja bila mfuko inalowanisha kadibodi, kadibodi ikilegea na wenzake wanaondoka.

Ukimaliza, funga boksi ulitikise karibu na sikio. Ukisikia chochote kinatembea, fungua ujaze tena. Kabla ya kuanza kutuma aina mpya ya chupa, jaza moja maji, ifunge kama ya mteja, idondoshe mwenyewe sakafuni kwa kila upande.

Stika ya "kioo, shika taratibu" bandika tu, haina shida, ila mashine ya kuchambua mizigo haisomi stika. Na kama unatuma manukato au kitu chenye spiriti, sema ukweli unapokabidhi, vinashika moto na vina masharti yake hasa mzigo ukipanda ndege.

La fidia: soma masharti kabla, kampuni nyingi hazilipi kioo au zinasema ulifunga vibaya. Niliwahi kuambiwa hivyohivyo, ila nilikuwa nimepiga picha kila hatua mpaka boksi lililofungwa, nikawatumia, mjadala ukaisha. Na mteja mwambie mapema, akipokea imevunjika asitupe chochote, sio vigae, sio boksi, sio hata gazeti la ndani, mpaka dai lijibiwe.