Kupanga chakula cha Idd kabla mwezi haujaandama

Krismasi ina tarehe yake, 25 Desemba, na anayeialika jamaa nyumbani anaweza kuhesabu siku mapema. Idd el-Fitr haiko hivyo. Ramadhani huwa na siku 29 au 30, na jawabu hupatikana baada ya magharibi, tangazo la kuandama kwa mwezi linapotolewa, wakati ambapo mpishi amebakiwa na usiku mmoja tu kabla ya wageni kuanza kubisha hodi. Kwa uzoefu wangu wa kuandaa sikukuu nyumbani hapa Zanzibar, swali la kwanza la kujiuliza si tupike nini, bali ni kipi kinachoweza kusubiri siku moja zaidi bila kuharibika na kipi hakiwezi.

Vitafunio vikavu ndivyo vinavyosubiri vizuri kuliko vyote, kwa hiyo vileja na visheti huvitengeneza katika kumi la mwisho, mchana, nguvu zikiwapo. Vileja viachwe vipoe kabisa kabla ya kutiwa ndani ya kopo, kwa maana vikifunikwa vingali na joto, mvuke huvilainisha na kesho yake vinamong'onyoka mkononi. Visheti navyo vigeuzwegeuzwe kwenye shira mpaka sukari ikauke na kuwa nyeupe. Kaimati sizipangi kabisa kwa siku hiyo, kwani utamu wake ni wa kutoka jikoni moja kwa moja, na asubuhi ya Idd hakuna mtu wa kusimama mbele ya karai.

Kwa chakula cha mchana, wengi hubishana baina ya pilau na biriani, na mimi nasimama na biriani bila kusita. Pilau ni chakula cha chungu kimoja: nyama, mchele na bizari huiva pamoja, na haifai kuachwa mpaka makaa yaliyopaliwa juu ya kifuniko yamalize kazi yake. Nyumba ambayo watu wote wanakwenda kusali haina wa kuilinda. Biriani yetu ya pwani, kwa upande wake, rojo hupikwa mbali na wali mbali, na kila hatua ina muda wake. Vitunguu hukatwa vyembamba na kukaangwa siku mbili kabla, kisha huenezwa kwenye karatasi vikauke mafuta. Hata Idd ikisogea, havidhuriki. Thomu na tangawizi husagwa na kuwekwa kwenye friji. Nyama hukatwa, huoshwa na kugandishwa.

Lipo jambo moja ambalo halifanywi mpaka tangazo lisikike, nalo ni kutia papai bichi kwenye nyama. Papai lina kimeng'enya kinachovunja nyuzi za nyama, na kazi hiyo huifanya kwa saa chache tu. Nyama ikilala nalo usiku kucha na nusu ya siku inayofuata, kwa kuwa mwezi haukuonekana, hugeuka uji. Kwa hiyo nyama itolewe kwenye barafu mwezi ukishaandama, ipakwe mtindi, thomu, tangawizi, chumvi na papai kidogo, na rojo lipikwe usiku huo huo. Likishapoa lihifadhiwe kwenye friji, na asubuhi litakuwa limekolea kuliko lilivyokuwa lilipoepuliwa. Wali pekee ndio unaosubiri watu warudi kutoka msikitini: huchemshwa, huchujwa, hutiwa samli na zafarani, kisha hupaliwa. Usipikwe alfajiri ukakaa mpaka adhuhuri, kwani wali uliopikwa ukiachwa kwenye joto letu zaidi ya saa 2 huanza kuwa hatari kwa tumbo.

Kuhusu kiasi, mchele wa kilo 1 huwatosha watu wanane hivi, ukisindikizwa na nyama isiyopungua kilo 1 na nusu. Hesabu hiyo iwe pamoja na sahani zinazofunikwa kwa kawa na kupelekwa kwa majirani, Waislamu na wasio Waislamu, kwa sababu sahani hizo si masazo. Hupakuliwa kwanza, kabla wa nyumbani hawajakaa mkekani.

Asubuhi haihitaji makuu. Tende kabla ya kwenda kusali, kama ilivyo sunna, kisha chai ya maziwa na mkate wa kumimina uliopikwa usiku. Mama mkwe wangu ana kisukari, hivyo yeye huwekewa mkate wa mofa na chai ya mdalasini isiyo na sukari kwenye sinia lile lile la wenzake, ili asionekane ametengwa. Ukwaju huloekwa usiku. Kachumbari hukatwa mwisho kabisa, na ndimu na chumvi hutiwa sinia likiwa linaondoka jikoni.

Kwa kuwa sikukuu ya Zanzibar huendelea hadi siku ya nne, usimalize fedha na nguvu zako zote siku ya kwanza. Kufikia Idd pili watu wameshiba nyama, na samaki wa kupaka kwa wali mweupe huliwa kwa hamu zaidi kuliko biriani iliyopashwa moto. Samaki huyo hununuliwa asubuhi hiyo hiyo, na nazi hukunwa hapo hapo, maana tui halilazwi.