Fonti zikibadilika steshenari, usikimbilie kupiga Windows

SWALI: Habari kaka, mimi ni mwalimu huku Kasulu. Nimepanga kijitabu cha mahafali ya kidato cha nne kwenye programu ya kupanga kurasa ya Publisher 2016, kurasa 24, saizi ya A5. Kwenye laptop yangu kiko safi kabisa. Nikakibeba kwa flashi mpaka Kigoma mjini kuprinti, kufungua pale vichwa vya habari vimegeuka maandishi ya kawaida, ukurasa wa 7 shairi limekatika mistari ya mwisho, na picha nyingine zimepasuka. Fundi wa pale anasema Windows yangu imechoka, nimwachie laptop apige Windows upya na aniwekee Publisher mpya full kwa elfu 40. Nimpe?

JIBU: Usimpe mwalimu wangu. Na kama laptop umeshamwachia mpigie simu sasa hivi asiguse kitu, sababu utaiona hapo chini.

Hapa Mwanga kazi za namna hii naletewa kila msimu wa mahafali na harusi, na kila mtu anakuja ameshaambiwa neno lile lile. Flashi haisomi, piga Windows. Printa inatoa michirizi, piga Windows. Fonti zimebadilika, piga Windows. Inaniuma sana kwa sababu mtu anatoa hela yake halafu anarudi na tatizo lile lile, tena limekuwa kubwa kuliko alivyokwenda nalo.

Hebu soma tena ulichoandika mwenyewe. Kwako kiko safi, kwao kimeharibika. Sasa mashine mbovu hapo ni ipi? Hakuna. Faili la Publisher kwa kawaida halibebi fonti, yaani ule muundo wa herufi, linabeba jina la fonti tu. Ulivyochagua ile ya mwandiko wa kuunga kwa ajili ya vichwa vya habari, faili likaandika pembeni "hapa tumia fonti fulani" basi. Ukifika steshenari kompyuta yao inatafuta hilo jina, haina, inachukua nyingine yoyote iliyo karibu inaweka. Haikuulizi, na kama ikiuliza yule kijana wa kaunta anabonyeza OK anaendelea na foleni.

Na hilo shairi la ukurasa wa 7 ni ugonjwa huo huo, sio tatizo la pili. Fonti hazilingani upana hata ukiziandika zote saizi 12, kuna zenye herufi nyembamba na kuna zenye herufi pana. Fonti ngeni ikiingia mistari inarefuka, inashuka chini, wakati boksi lako la maandishi liko pale pale halijakua, kwa hiyo mistari ya mwisho inabaki imefichwa. Haijafutika. Ukibofya hilo boksi kwenye Publisher utaona kwenye ukingo wake kialama chenye herufi A na vidoti vitatu, maana yake kuna maandishi yamezidi. Wanaotumia InDesign, programu nyingine ya kupanga kurasa, wao wanaona alama ndogo nyekundu ya kujumlisha kwenye kona ya boksi, na maneno yenye fonti iliyokosekana yanapakwa rangi ya pinki. Dalili ziko wazi kabisa, mtu anayejua kazi anaziona kabla hajakaa kwenye kiti.

Sasa kwa nini nimesema asiguse laptop. Mahali pekee zilipo hizo fonti zako ni kwenye hiyo laptop. Akipiga Windows na kufuta diski, fonti zote ulizodaunilodi zinaondoka nazo. Utarudi Kasulu, utafungua kijitabu, na safari hii kitakuwa kimeharibika hata kwako! Nimeona mtu kapoteza mwonekano wa jarida zima la msikiti kwa njia hii, na aliyemfanyia akamwambia "faili lako lina virusi".

Hiyo Publisher full nayo hapana. Toleo jipya halina fonti zako pia, kwa hiyo hata kama lingekuwa halali lisingekusaidia kwa hili. Na hizi za kukraki, yaani za wizi zilizovunjwa leseni, mara nyingi sharti la kwanza zima antivirus, yaani unafungua mlango mwenyewe halafu unaweka humo matokeo ya wanafunzi na flashi inayozunguka ofisi nzima.

Dawa yako ni PDF, yaani faili linalobeba ukurasa pamoja na fonti zake. Kwenye laptop yako hiyo hiyo nenda File, kisha Export, chagua kutengeneza PDF, na kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho fungua Options uchague "Commercial press". Humo ndani kuna kiboksi kinaandikwa "Bitmap text when fonts may not be embedded", kiwekee tiki, maana zipo fonti ambazo mwenyewe aliyezitengeneza hajaruhusu zibebwe, hizo zitageuzwa picha badala ya kubadilishwa kuwa fonti nyingine. Ikimaliza fungua hiyo PDF kwa Adobe Reader, bonyeza Ctrl na D, ingia sehemu ya Fonts. Kila fonti inatakiwa iwe na neno "Embedded" mbele yake, maana yake imebebwa ndani ya faili. Ukiona hivyo safiri kwa amani, hata ukiifungua Tabora au Dar es Salaam itakuwa vile vile.

Watakuambia leta open file, yaani lile lenyewe la Publisher, tukurekebishie. Kama kuna la kurekebisha rekebisha wewe mwenyewe ndio umletee PDF nyingine. Kama huna namna na lazima wapate lile la Publisher, nenda File, Info, kwenye "Manage Embedded Fonts" uweke tiki ya kubeba fonti wakati wa kusevu, na bado ubebe PDF pembeni ili waone lilivyotakiwa kuonekana.

Picha ni habari nyingine na hapa fundi hana kosa, ila asije akakudanganya. Nahisi umezitoa kwenye grupu la WhatsApp. Picha ikipita kule kwa njia ya kawaida inabanwa, pikseli nyingi, yaani vile vidoti vinavyoiunda picha, zinatupwa, na zikishatupwa hazirudi. Hesabu yake ni rahisi: bonyeza picha kwa kitufe cha kulia, Properties, Details, soma upana wake kwa pikseli, gawanya kwa 300, jibu ndio inchi unazoweza kuprinti bila kupasuka. Ya pikseli 1,200 inakupa inchi 4. Ukurasa wa A5 una upana wa karibu inchi 6, kwa hiyo picha hiyo ukiitandaza ukurasa mzima lazima ipasuke, ila ukiiweka ndogo inatoka vizuri tu. Kuna watu wanaingia Photoshop wanaandika 300 kwenye kiboksi cha resolution wanasema wameipandisha. Hawajapandisha chochote, programu imebuni pikseli za kujazia, ukungu ni ule ule umekuwa mkubwa. Waombe wapiga picha wakutumie kama dokumenti, au wakupe kwa flashi moja kwa moja kutoka kwenye kamera.

Na hili sasa ni kwa wote mnaosoma, sio mwalimu peke yake. Microsoft wameshatangaza kwamba Publisher inafika mwisho Oktoba 2026. Wanaoitumia kwa kulipia Microsoft 365 hawataweza tena kufungua mafaili yake humo, na wenye zile za kununua mara moja kama 2016 yako zitaendelea kufunguka ila bila msaada wala marekebisho yoyote. Kwa hiyo atakayekuja kukuuzia "Publisher mpya" baada ya hapo mwangalie vizuri. Ya PageMaker, programu ya zamani ya kupanga kurasa, tuliyaona, toleo la mwisho la 7.0 lilitoka 2001, InDesign ikaendelea kufungua mafaili yake mpaka CS6, zilizofuata zikakataa, na watu wakabaki na kazi za miaka wasizoweza kuzifungua kwa sababu hawakuweka PDF hata moja. Pitia kazi zako za zamani zote uzitolee PDF wakati programu bado unayo. Na kama unataka programu ya kupanga kurasa bila kukraki ipo Scribus, ni ya bure na halali, inakutaka uvumilivu wiki za mwanzo lakini PDF zake ni safi. Faili la Publisher pia unaweza kulifungua kwa LibreOffice Draw ukibanwa, ila mpangilio unaweza kuhama, usiliprinti bila kulipitia.

Tukirudi kwako mwalimu, kabla ya kupanda gari nakili folda la fonti kwenye flashi au tuma kwenye imeili yako, zile zilizo ndani ya C, Windows, Fonts, pamoja na zile ulizodaunilodi ambazo bado ziko Downloads. Kurasa 24 ni sawa, zinagawanyika kwa 4 kwa hiyo kitakunjika bila ukurasa mweupe. Pale steshenari wafungue PDF kwa Adobe Reader, wachague "Booklet" kwenye dirisha la kuprinti, karatasi A4, watoe nakala moja tu kwanza. Ikunje, ibane pini, kaa nayo pembeni usome majina ya wahitimu wote mpaka mwisho, ndio uwaruhusu watoe zilizobaki.