Neno "upele" kwenye jalada la mgonjwa

Nilipoanza kazi ya utabibu katika zahanati moja kwenye milima ya Uporoto, mkoani Mbeya, alikuja mama mchuma pareto aliyesema ana upele mikononi, nami kwa haraka ya foleni nikaliandika neno lake kama lilivyo. Karani akaweka B86, msimbo wa upele unaoletwa na utitiri katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, na tabibu aliyempokea siku nyingine akaufuata msimbo huo, akaipaka dawa ya utitiri familia nzima, na mikono ya mama ikazidi kuwaka.

Kosa lilikuwa langu, kwa sababu Kiswahili hulitumia neno hilo kwa ugonjwa mmoja mahususi na pia kwa karibu kila kinachochomoza juu ya ngozi. Ningeuliza kidogo tu, ningejua kwamba nyumbani hakuna mwingine aliyewashwa, kwamba usiku hali haikuzidi, na kwamba vipele vilikoma pale mkono wa blauzi ulipoanzia. Utitiri haujali blauzi. Ilikuwa mzio wa mmea anaoushika kila siku, ambao katika ICD-10 ni L23.7.

Kwa hiyo nashauri uandike mahali vipele vilipo na visipokuwapo, umbo lake, siku vilipoanza, alichogusa mgonjwa na dawa alizomeza. Rangi iandike unavyoiona, maana "wekundu" wa vitabuni, kwenye ngozi nyeusi, mara nyingi huonekana wa zambarau au kahawia iliyokoza. Ikiwa chanzo ni dawa ya kumeza na vipele vimeenea mwilini, msimbo wa vipele hivyo, L27.0, peke yake hautoshi: ongeza msimbo wa dawa kutoka Y40 hadi Y59, na jina la dawa liandikwe kwa maneno, ili asipewe tena mahali pengine.

Usipokuwa na uhakika, tumia R21, ambayo husema tu kwamba kuna vipele visivyotambuliwa, usikimbilie L30.9, kwani hiyo tayari inadai kuwa umeamua ni ukurutu. Shaka ya utitiri nayo iandikwe kuwa ni shaka. Ila R21 ikijirudia hadi hudhurio la tatu, mgonjwa apewe rufaa.

Kwenye jalada la yule mama sikuifuta B86. Niliipiga mstari mmoja ili iendelee kusomeka, nikaandika L23.7 pembeni, tarehe, sababu na sahihi yangu.