Kuwaona Mamba Mkiwa Mashuani

SWALI: Ndugu Mhariri, likizo ya Desemba tungependa watoto wetu, wa miaka 6 na 10, wapande mashua na kuwaona mamba wa mwituni. Kutoka Kisumu, twende wapi?
Mama wa watoto wawili, Kisumu

JIBU: Mama, mkiweza kuvuka mpaka wa Busia, safari inayostahili gharama ni ile ya Mto Nile nchini Uganda, ambako mashua huondoka Paraa na kupanda mto hadi karibu na maporomoko ya Murchison, pale maji mengi ya mto yanapojibana katika mwanya wa mita 7 hivi. Njiani mtawakuta mamba wamejilaza kingoni, vinywa wazi. Hawamtishi mtu, wanapunguza joto la mwili. Barabara ni ndefu, kwa hiyo panga kulala njiani, la sivyo mdogo atachoka kabla hajaona hata mkia.

Ziwa Baringo, kaskazini mwa Nakuru, nalo lina mamba, ingawa wengi ni wadogo kiumbo. Kokote mtakakokwenda, kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha linalomtosha (la mtu mzima humchomoka majini), wala asining'inize mkono nje, hata mashua ikiwa imesimama.